Triathloni ya masafa mafupi hapa Nairobi: tupeane uzoefu, palikushinda wapi?

Mkimbiaji wa Zimmerman:
Wapendwa, jana jioni tukisubiri matatu pale Roysambu nimemsikia kijana akimweleza mwenzake kwamba triathloni ni ya watu wa Karen na Muthaiga, wenye mabwawa uani. Maneno hayo yamenikaa rohoni usiku kucha. Mimi naishi Zimmerman, bwawa sina, baiskeli nilinunua ya mitumba, na nimeshiriki nikamaliza. Sasa nataka kuwasikia wengine mliofanya ile fupi: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za miguu, moja kwa moja bila kupumzika. Palikushinda wapi? Mimi ni majini. Miguu ninayo tangu utotoni, baiskeli nilifunzwa na jirani, lakini kuzamisha kichwa kizima majini nimekujua nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Nyanya Chungu:
Majini. Hata sihitaji kufikiria.

Mzee wa Jogoo Road:
Majini, tena mita mia za mwanzo. Ukizivuka hizo, zinazobaki ni uvumilivu tu.

Mama Pacha wa Umoja:
Umenikumbusha asubuhi ambayo huwa siizungumzii sana.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Nairobi ya Julai anajua: mawingu yamelala juu ya mapaa, maji ya bwawa la wazi yanauma hadi mifupani. Bwawa lilikuwa la mita 50 na tuliogelea kinyokanyoka: unaenda na njia ya kwanza, unapita chini ya kamba, unarudi na ya pili, hivyo hivyo hadi ng'ambo. Mazoezini nilizoea kuwa na njia yangu peke yangu, saa za mchana watoto wakiwa shuleni. Siku ya shindano firimbi inalia, mbele yangu kuna visigino, kando kuna viwiko, nyuma kuna mtu anayenigusa nyayo kila nikipiga mkono. Sijamaliza hata urefu wa kwanza, kisigino kikanipata kwenye miwani. Upande wa kushoto ukajaa maji. Nikavuta pumzi, nikavuta na maji.

Hapo kifua kikafunga. Haukuwa uchovu, nataka mnielewe. Hizo mita 750 nilikuwa naziweza. Ni mwili uliokataa uso usiingie majini. Kila nikishusha kichwa, shingo inakirudisha juu yenyewe. Kofia nayo, kwa vile nilikuwa na rasta ndefu nilizozikunja utosini, ilikuwa inapanda polepole mpaka ikabaki imeshika kisogo tu, na rasta mbili zimetoka zinanichapa mdomoni. Nikawawaza pacha wangu. Nikasema basi, natoka.

Mwokoaji akapiga magoti pale ukingoni, akaniambia bila kupaza sauti: "Mama, lala chali. Shika kamba. Hakuna anayekufukuza." Nikashika kamba, nikalala chali nikitazama yale mawingu, watu wananipita. Nikamwuliza, sijatolewa? Akasema ukishika kamba bila kujivuta mbele hakuna kosa. Hilo hakuna mtu aliyekuwa ameniambia, na ndiyo sababu naandika hapa kirefu hivi, ili mtu mwingine alijue kabla ya kifua chake kufunga. Nikamwaga maji ya miwani, nikarudisha kofia chini, nikaanza na mtindo wa chura kichwa kikiwa nje, pumzi iliporudi nikaingia mtindo huru. Nilipopanda baiskeli nilikuwa naimba. Watu wa kando ya barabara ni mashahidi.

Kipusa wa Donholm:
Rasta kuchapa mdomoni, nimeihisi hiyo hadi huku. Dada zangu, wiki ya shindano sukeni mistari ya kurudi nyuma, midogo, ilale. Na kofia iwe ya silikoni. Ile ya mpira mwembamba inang'oa nywele za mbele zote.

Baba Njeri:
Nyoeni tu.

Kipusa wa Donholm:
Baba Njeri nyoa wewe.

Kamanda 254:
Pole mama, lakini mtindo wa chura kwenye mashindano? Hapo tunaharibu mchezo. Mtu aje akiwa anajua kuogelea.

Mama Pacha wa Umoja:
Kamanda, chura ni kuogelea.

Mwalimu wa Michezo:
Kamanda, kanuni za triathloni duniani hazichagui mtindo. Chura, chali, huru, hata kipepeo ukiweza. Unaruhusiwa kukanyaga maji, unaruhusiwa kushika kamba au mtumbwi uliosimama ili mradi haukusogezi. Mchezo huu umeandikwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu waandaaji wanajua hofu ya maji inampata hata bingwa. Jason Dunford, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi, alitupatia dhahabu ya mita 50 kipepeo kule Delhi mwaka 2010 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye aogelee kipepeo. Wewe na mimi tuvuke salama.

Kamanda 254:
Sawa mwalimu. Lakini anayeogelea chura asijipange mbele, ile mateke ya pembeni inaumiza watu. Hilo nalisimamia.

Mwalimu wa Michezo:
Hapo tuko pamoja. Chura apange nyuma au pembeni.

Mpwani wa South B:
Mie mtu wa Likoni, maji nimeyajua kabla sijajua kusoma. Nilipohamia Nairobi nikajiandikisha kifua mbele, nikijua wenzangu wa bara watanifuata nyuma. Wallahi nilipofika urefu wa sita nilikuwa nahema hadi nasikia mapigo ya moyo masikioni. Jamani, Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ya kwetu. Ukikimbia unaweza kuongeza pumzi utakavyo, majini huwezi: unavuta pale tu uso unapotoka. Halafu maji ya chumvi yanakubeba, ya bwawa yanakuachia miguu izame, unaburura mwili wako mwenyewe. Ushauri wangu: hapa pumua kila mkono wa kulia ukitoka, usingoje mikono mitatu kama wanavyofundisha. Na toa pumzi yote ukiwa chini ya maji, polepole, kwa pua. Watu wengi wanaodhani wameishiwa na hewa, kifua kimejaa hewa chafu ambayo hawajaitoa.

Nyanya Chungu:
Hii ya kutoa pumzi chini ya maji ni kweli tupu. Ilinibadilisha.

Mtoto wa Iten:
Mimi nampinga Mpwani kidogo. Pumua pande zote mbili, mikono mitatu, ujifunze. La sivyo unaenda upogo.

Mpwani wa South B:
Kwenye bwawa kuna mstari chini, utaendaje upogo ndugu yangu?

Mtoto wa Iten:
Si kila shindano ni la bwawa. Lile la baharini utaenda Zanzibar.

Mpwani wa South B:
Hahaha haya, baharini nakubali.

Mtoto wa Iten:
Sasa na mimi niseme yangu. Mimi ni wa mbio. Nimelelewa kwenye vumbi jekundu, na Kipchoge alipomaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019 nilishinda siku nzima siwezi kula kwa furaha. Kwa hiyo nilijua kilomita 5 za mwisho ni zangu. Nikatoka majini nikiwa na watu wachache sana nyuma yangu, baiskeli nikajitahidi, nikaweka viatu vya mbio, nikaanza. Miguu haikuwa yangu. Mapaja yamejaa, vigimbi vimekaza, magoti hayataki kupanda. Nakumbuka nilitazama chini kuhakikisha kama nimevaa viatu sawa. Niliyempangia kumpata dakika ya kwanza nilimpata karibu na kibao cha kilomita 3.

Nilikuja kuelewa baadaye: kwenye baiskeli mapaja yanafanya kazi muda mrefu mwili ukiwa umejikunja, halafu ghafla unayadai mwendo mwingine kabisa. Dawa yake ni moja, kuunganisha mazoezi. Shuka kwenye baiskeli, vaa viatu, kimbia papo hapo hata kama ni dakika kumi. Mimi hufanyia Karura, naendesha zile njia zinazoruhusu baiskeli, nafunga baiskeli, nakimbia. Na jueni hisia ya uzito inadanganya. Unajiona unatambaa kumbe mwendo ni mzuri. Usiuongeze kwa hasira kilomita ya kwanza, utalipa ya nne.

Mzee wa Jogoo Road:
Sahihi kabisa.

Baba Njeri:
Karura unalipa kiingilio kila siku? Southern Bypass alfajiri ni bure.

Kipusa wa Donholm:
Southern Bypass usiende peke yako, hasa mwanamke. Kundi au usiende. Nimemaliza.

Kamanda 254:
Thika Road je? Njia za kando.

Mkimbiaji wa Zimmerman:
Thika Road naishi nayo. Tangu ikamilike mwaka 2012 barabara ni pana kweli, lakini njia za kando ni za matatu kushusha abiria, mikokoteni, na boda boda zinazokuja upande usio wao. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Jumapili, sawa. Baada ya saa moja, rudi nyumbani. Expressway ndiyo laini kuliko zote lakini tangu ifunguliwe 2022 baiskeli marufuku.

Fundi Bomba:
Kwani mnazungumzia baiskeli gani? Maana naona watu wanasema kaboni, viatu vya kubana kwenye pedali. Mimi nilifanya na black mamba ya marehemu babangu. Kilo zake nzito, breki za vyuma, kengele. Nikamaliza.

Kamanda 254:
Hiyo ni hatari kwako na kwa wengine.

Fundi Bomba:
Hatari iko wapi? Walikagua. Breki zote mbili zinashika, ncha za usukani zimezibwa, helmeti imefungwa chini ya kidevu. Hayo ndiyo wanayoangalia. Hawakuniuliza bei.

Mwalimu wa Michezo:
Fundi yuko sawa. Na hilo la helmeti msilichukulie kirahisi: kamba ifungwe KABLA hujaigusa baiskeli pale kwenye vyuma vya kuitundikia, na usiifungue mpaka uirudishe. Usipande kabla ya ule mstari wa kupandia. Watu hodari wanaadhibiwa kwa kitu cha sekunde mbili.

Fundi Bomba:
Na mnyororo utiwe mafuta jana yake. Nimeona minyororo ikikatika.

Dada wa Kahawa West:
Nimekuwa nasoma tu, lakini hapo kwa mnyororo Fundi umenigusa kidonda.

Shindano lenyewe silitaji, waandaaji wake ni watu wazuri. Ilikuwa pembeni mwa jiji huku kwetu, barabara ya mizunguko, na mzunguko wa pili kuna mlima mfupi unaopanda katikati ya mikaratusi. Maji nilikuwa nimeyapita vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikashusha gia, nikasimama kwenye pedali, na mguu wa kulia ukateleza hewani. Mnyororo umekatika, umelala barabarani. Nikashuka. Nikatazama huku na huku. Gari la fundi wa shindano halikuwepo upande ule. Wenzangu wananipita, kila mmoja anasema "pole" na kwenda.

Chini ya mkaratusi kulikuwa na mzee fundi wa baiskeli, wale wa kipande cha gunia, matairi yametundikwa kwenye msumari mtini. Akaniita: "Wee mama, lete hapa!" Sikuwa nimesema neno. Alichukua ule mnyororo, akaulaza juu ya kipande cha reli, akachagua msumari kati ya misumari mingi kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akausimamisha juu ya pini, akapiga nyundo mara moja tu. Pini ikatoka nusu. Akatoa kile kiungo kilichoharibika, akaunganisha vilivyobaki, akapiga tena, akauzungusha kwa vidole vyeusi vya grisi kusikiliza kama unakwama. Akina mama wa mahindi ya kuchoma wamesimama wote wananipigia makofi. Nikamwambia mzee pesa sina hapa, nitarudi. Akasema "Nenda, wanakuacha!" na akaisukuma baiskeli nikapata mwendo.

Nilipita watu kule mbele. Nikakimbia zile tano kama mtu aliyefufuka. Nikavuka mstari, wakanivisha medali, na kabla sijanywa maji afisa mwenye daftari akanijia: umesaidiwa na mtu wa nje, jina lako halitaingia kwenye matokeo. Nililia mbele ya mume wangu na mbele ya watu. Medali ninayo. Jina halipo.

Niseme wazi, ingetokea tena leo ningempelekea yule mzee mnyororo tena. Nilirudi Jumatatu na pesa yake, akachukua nusu akanirudishia nusu.

Nyanya Chungu:
DADA.

Kipusa wa Donholm:
Nimelia kwenye ofisi ya watu. "Nenda, wanakuacha."

Baba Njeri:
Huo ni uonevu mtupu. Mtu anafutwa kwa ajili ya msumari?

Kamanda 254:
Si uonevu, ni kanuni. Kesho mwingine atakuja na fundi wake kwenye pikipiki.

Baba Njeri:
Yule mzee hakuletwa na mtu! Yuko chini ya mti wake kila siku!

Mwalimu wa Michezo:
Wenzangu, pole pole. Msaada unaoruhusiwa ni wa maafisa na wafanyakazi wa shindano. Mshiriki mwenzako anaweza kukupa chubu, pampu, vifaa vya pancha, maji. Hawezi kukupa gurudumu lake au baiskeli yake yeye akabaki. Mtu wa nje hapana. Na ukikwama kabisa unaruhusiwa kuisukuma au kuibeba baiskeli hadi mwisho wa sehemu hiyo. Dada, najua inauma, ila afisa hakuwa na njia.

Mama Pacha wa Umoja:
Asukume kutoka mlimani hadi mwisho?

Fundi Bomba:
Inawezekana, mimi niliwahi kusukuma mamba pancha ilipopiga. Ila bega liliniuma wiki nzima.

Mtoto wa Iten:
Mbona Brownlee, wale ndugu wawili Waingereza wa triathloni, hawakufutwa? Cozumel, Mexico, 2016. Jonny alikuwa anaongoza, joto likamlemea mita mia chache kabla ya mwisho, kaka yake Alistair akamshika begani akamburuza na kumsukuma avuke mstari mbele yake. Henri Schoeman wa Afrika Kusini akashinda, Jonny akaandikwa wa pili. Dunia nzima ikashangilia. Ndugu wa damu sawa, fundi wa Kahawa hapana?

Mwalimu wa Michezo:
Alistair alikuwa mshiriki, si mtu wa nje. Na baada ya hapo kanuni ikabadilishwa, siku hizi kumsogeza mwenzako mbele kwa mikono pia hairuhusiwi.

Baba Njeri:
Walibadilisha baada ya kuwapa wao nafasi yao.

Kamanda 254:
Kanuni huwa haifanyi kazi kwa kurudi nyuma, Baba Njeri.

Dada wa Kahawa West:
Msigombane kwa ajili yangu. Ninachowaomba waandaaji wanaosoma hapa: wekeni fundi mmoja wenu kwenye kila mlima. Mmoja tu. Au mwandikisheni yule mzee, mvisheni fulana ya wafanyakazi, basi msaada wake uwe halali.

Mwalimu wa Michezo:
Hilo wazo ni zuri sana. Nitalipeleka.

Mzee wa Jogoo Road:
Mvisheni fulana. Naunga mkono.

Jirani wa Githurai:
Huyo mzee yuko upande gani hasa? Baiskeli yangu inalia kila nikibadilisha gia.

Mkimbiaji wa Zimmerman:
Jamani mjadala umenoga lakini kuna watu wameniandikia pembeni wakiuliza waanze vipi. Tuwasaidie na yale madogo madogo.

Kipusa wa Donholm:
Mafuta ya kujipaka shingoni na kwapani, nguo mbichi zinachubua. Poda kidogo ndani ya viatu, mguu uingie ukiwa na maji.

Fundi Bomba:
Toa kamba za viatu, tia lastiki. Nenda Gikomba kwa wauza vifaa vya ushonaji, nunua lastiki ya duara mita moja na nusu, piga fundo, basi. Unavaa kiatu bila kuinama.

Baba Njeri:
Ugali mkubwa usiku wa kuamkia.

Mtoto wa Iten:
Baba Njeri utawaua watu. Uji wa wimbi asubuhi na ndizi, saa mbili kabla.

Baba Njeri:
Babangu alikimbia na ugali maisha yake yote.

Mpwani wa South B:
Tafuta mwalimu wa kuogelea kwanza, kabla ya baiskeli. Baiskeli utaazima, mbio unazo, lakini mapafu ya maji hayaazimwi. Nenda mabwawa ya umma, Kasarani pale pana bwawa kubwa tangu michezo ya Afrika ya 1987. Na siku ya kwanza usiogelee hata mita moja. Kaa ukingoni, zamisha uso, toa mapovu. Rudia mpaka uchoke nayo.

Jirani wa Githurai:
Mimi nina miaka hamsini na kitu na sijui kuogelea kabisa. Nimechelewa?

Mama Pacha wa Umoja:
Hujachelewa mzee wangu. Niliyefunzwa naye alikuwa nyanya mwenye wajukuu na alinitangulia kujua kuelea. Jumamosi saa nne nakuwa bwawani na pacha. Njoo na miwani tu, kofia nitakuletea.

Jirani wa Githurai:
Nakuja. Mke wangu naye anauliza kama anaweza kuja.

Mama Pacha wa Umoja:
Aje. Mwambie asuke mistari.